Risasi Alizojaza Vilho Niskala

Bunduki ya shemeji yangu Vilho ilikuwa bunduki ya mtu asiye na kitu, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kukuambia hivyo. Aliinunua mwaka 1968 kwenye duka la misumari na kamba hapa mjini kwetu, ikiwa imesimamishwa ndani ya pipa pamoja na mipini ya mashoka na sepetu za theluji. Kitako chake kilikuwa cha mbao nyeupe za bei ya kutupa, zimepakwa rangi ya hudhurungi zidanganye macho. Komeo lake ukilivuta lilikwaruza, na magazini yake, lile kasha la risasi, ilikuwa bati linalocheza. Mshahara wa wiki moja wa mgodini uliinunua na kitu kikabaki.

Sisi wengine wa kambi yetu ya uwindaji tulijiona. Wote tulikuwa na bunduki za wenzo, zile za kushusha kipini na kukipandisha, bunduki walizotuachia baba zetu, za kuning'inizwa ukutani wageni wazione. Mimi, Clem Trevarrow, ndiye niliyekuwa na mdomo kuliko wote. Watu wa ukoo wetu walikuja kuchimba shaba huku juu Michigan, Marekani, kabla Wafini, watu wa Ufini kama Vilho, hawajajua njia, na sikumwacha Mfini yeyote asahau hilo, hata baada ya kumuoa Helmi, dada yake Vilho. Nikamwambia Vilho kuwa ile bunduki yake ni ya kufungulia makopo.

Vilho si mtu wa kujibu. Msimu ule wa baridi alinunua mashine ndogo ya kushindilia risasi, mizani, na kopo la baruti, akavifunga kwenye meza kando ya dirisha la jikoni, na mkewe Lyyli akampisha. Theluji ilipoyeyuka alituita kwenye shimo la changarawe. Akabandika sahani ya karatasi hatua mia moja mbele, akapiga risasi tatu. Tulipokwenda kutazama, sarafu ya robo dola ilifunika matundu yote matatu. Nilipopiga mimi, yangu yalitawanyika sahani nzima, na moja sikuliona kabisa.

“Kopo limefunguka?” aliniuliza.

Maneno hayo nilitupiwa usoni miaka kumi mfululizo, kambini, kwenye sauna yetu ya kuoga mvuke, hata kwenye mazishi ya baba yangu.

Sasa, risasi ya kujaza mwenyewe ni kazi ya mtu mwenye subira. Unachukua ganda lililokwisha kupigwa, unalisafisha, unalibana lirudi umbo lake, unatia fataki mpya, kile kidonge cha kuwasha baruti, kitakoni, unapima baruti punje kwa punje, halafu unashindilia kichwa juu yake. Kwetu kila mtoto wa kiume huambiwa na baba yake asitie kwenye bunduki yake risasi iliyojazwa na mtu mwingine. Hujui mtu huyo alilala vipi, wala nani alimwita wakati anapima. Lakini kwa Vilho amri hiyo ilivunjwa. Kwanza mdogo wake Tauno, kisha mimi, kisha kambi nzima. Kila Oktoba alitugawia maboksi yetu, risasi ishirini kila moja, jina la mwenyewe limeandikwa kwa penseli. Kwa miaka thelathini hakuna kulungu aliyeanguka kwenye kambi yetu kwa risasi ya dukani.

Alijaza za aina mbili, na hapa nisikilize vizuri. Bunduki ya wenzo hubeba risasi ndani ya bomba lililo chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine, kichwa cha hii kikigusa kitako cha ile. Na kitakoni ndiko iliko fataki. Kwa hiyo bunduki zetu zilitaka risasi zenye vichwa bapa. Ukitia humo za ncha, kila ncha inakaa juu ya fataki ya mwenzake, na bunduki ikipiga teke, bomba zima linaweza kulipuka. Na mkono wako wa kushoto ndio umelishika bomba hilo. Bunduki ya Vilho haikuwa na bomba, risasi zake zililala zimepangana kwenye lile bati, kwa hiyo yeye alitumia za ncha, ambazo huruka vizuri zaidi. Ndiyo siri ya yale matundu matatu. Za ncha zilikuwa zake peke yake, nazo aliziweka kwenye boksi lisilo na jina.

Basi, tulikuwa na desturi yetu, ya kijinga ukitaka kuniuliza leo. Ukipewa boksi na Vilho, huchungulii. Unamtazama usoni, unashukuru, na siku ya kujaribu bunduki unasukuma risasi kwenye bomba huku unaongea habari nyingine. Mkwe wangu kutoka Detroit aliwahi kufungua boksi lake mbele yake, akazitoa moja moja akizigeuza kwenye mwanga. Vilho akanyoosha mkono, akalichukua boksi, akaondoka nalo, na hakumjazia tena mpaka leo. Tulimcheka yule kijana wiki nzima. Kumbe ndiye peke yake aliyekuwa na akili.

Lyyli alifariki mwaka 1999. Baada ya hapo Vilho alibaki na nyumba, bunduki, na ile meza. Mgodi ulikuwa umeshafungwa zamani. Watoto hawakujaliwa. Alipika supu ya samaki Jumatatu akaila hadi Ijumaa, na Jumamosi alikuja kwetu kuoga sauna. Nilikuwa nikimwona dirishani kutoka ng'ambo ya barabara, miwani kwenye pua, kidole kwenye mizani, na nilijisemea kwamba mtu huyu akiondolewa hiyo meza hatamaliza mwezi.

Halafu akaanza kupotea kidogo kidogo. Aliteleka birika bila maji. Aliniuliza mara mbili kwenye sauna moja kama Lyyli kapona. Siku moja Helmi alimkuta barabara ya posta amesimama na barua mkononi, hajui anaipeleka wapi, na ilikuwa bili yake ya umeme. Helmi alilia usiku huo. Mimi nikamwambia ni uzee tu, tutafika wote. Meza yake ilikuwa safi, kila kitu mahali pake, na mimi niliishikilia hiyo meza kama ushahidi.

Novemba 2004, asubuhi ya kwanza ya msimu wa kuwinda, nilikuwa peke yangu kwenye kibanda changu cha kuvizia. Nilivua glavu nijaze bunduki. Sijui kwa nini nilitazama. Labda ni ile barua ya posta iliyokuwa ikinikera. Kwenye boksi lenye jina langu kulikuwa na risasi bapa kumi na nane na za ncha mbili.

Nilizishika mkononi mpaka zikapata joto. Najua nilichopaswa kufanya, usinifundishe. Nilipaswa kurudi kambini, nikakusanye kila boksi, nikamkalishe Vilho chini nimwambie, na nimwambie Tauno na Helmi. Na kisha ile meza ingeondoka. Nilimwona akilini kwenye kiti chake jikoni akitazama ukuta, moyo ukanikataa. Nikazitupa zote mbili kwenye bwawa. Jioni nilipekua maboksi ya wenzangu kwa kificho walipokuwa kwenye sauna, sikukuta nyingine, nikashukuru Mungu. Nikasema ni bahati mbaya ya mara moja. Nikafunga mdomo, mimi, niliyejulikana wilaya nzima kwa kutoufunga.

Kabla ya msimu uliofuata nilijaribu. Nilimuuliza Vilho, kwa mzunguko, kama siku hizi anazikagua mara mbili. Aliweka kikombe chini. Akaniuliza kama Detroit ni kuzuri. Nilielewa ananifananisha na yule mkwe wangu, nikacheka, nikabadilisha maneno. Huo ndio ujasiri wangu wote.

Tarehe kumi na nne Novemba mwaka 2005, mchana, tulikuwa kwenye shimo la changarawe kujaribu bunduki kwa ajili ya kesho yake. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Tauno alisukuma risasi tano kwenye bomba akiwa na glavu, akimweleza Vilho habari za ng'ombe wake mmoja aliyekuwa akichechemea. Mimi nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Nililiona boksi limefunguliwa juu ya boneti la gari. Ningeweza kunyoosha shingo tu. Nilikaa nikijiambia nisimwaibishe mzee mbele ya watu.

Risasi ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili ikapiga na kitu kingine kikapiga pamoja nayo, mshindo mzito usio wa kawaida, na Tauno akakaa chini kwenye theluji. Bomba lilikuwa limefunguka ubavuni. Vidole vitatu vya mkono wa kushoto havikuwepo, na cha nne kilikuwa kinaning'inia. Mimi niliganda. Aliyevua mkanda akaufunga mkono ule ni Vilho, akimwambia mdogo wake atazame miti. Tulipompakia garini ndipo Vilho akaliendea lile boksi, akalimimina juu ya boneti, akatazama. Alizirudisha ndani moja moja, akapanda gari, akalipakata boksi njia nzima hadi hospitali.

Tauno aliuza ng'ombe wake wote kumi na wanane kabla ya mwaka mpya. Hakuwahi kumlaumu kaka yake, hata chumbani kwa daktari. Alisema wazee huzeeka, nani angejua? Alisema hivyo akinitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa. Nani angejua.

Helmi alitaka ile meza ichomwe moto. Tuliitoa, tukaipeleka ghalani kwetu, na kwa siku tisa Vilho alizunguka jikoni akipapasa ukuta wa dirishani na hakula cha maana. Kufikia Krismasi alikuwa amesahau shimo la changarawe, amesahau mkanda, amesahau yote. Akimwona Tauno na bandeji anamuuliza kama ni ng'ombe aliyemkanyaga, na Tauno anasema ndiyo, kaka, ni ng'ombe. Lakini meza hakuisahau. Tauno mwenyewe ndiye aliyekuja akasema irudishwe. Tukairudisha bila baruti na bila fataki, na risasi zote zilizokuwa ndani ya nyumba tukaziondoa. Kwenye kopo la baruti Helmi alitia mbegu nyeusi za kunyunyizia mikate, kwa kuwa kwa mbali zinafanana. Bunduki tuliiacha ukutani. Nikapewa zamu ya kukaa naye kila Alhamisi.

Alhamisi ya kwanza ilikuwa karibu nzuri. Alisafisha maganda akipiga mluzi. Alishusha bunduki yake, akavuta komeo, akalisikiliza linavyokwaruza, akaipangusa mafuta. Alibana maganda ishirini, akayapanga wima kwenye ubao. Kisha akafungua kopo, akamimina kidogo kwenye kisahani cha mizani. Akatazama sindano. Akachukua mbegu mbili, akazisugua kwa dole gumba, akanusa.

“Clem,” aliniita, “nani kaumia?”

Nilijifanya sielewi. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba mtu hanyang'anywi baruti bure.

“Tauno,” nikasema.

“Mkono?”

“Wa kushoto.”

Akafumba macho. “Nilimtilia za ncha,” alisema, na hakuwa anauliza. Machozi yalimtoka bila sauti, yakapita kando ya miwani. Sikujua niweke wapi macho yangu. Alipotulia alijifuta kwa kitambaa cha kupangusia bunduki, na akili yake ikaendelea na kazi yake, kama ilivyokuwa ikifanya mgodini pampu ilipoharibika na yeye akatafuta chanzo.

“Kosa hili halianzi siku moja,” akasema. “Mwaka wa kabla lazima zilikuwepo nyingine. Kuna mtu aliziona?”

Ningeweza kusema hapana, na angeamini, na kesho yake angekuwa amesahau hata swali lenyewe. Lakini nilikuwa nimebeba lile jambo miezi na miezi, nalala nalo kitanda kimoja na dada yake.

“Mimi,” nikamwambia. “Mbili. Kwenye boksi langu.”

“Ukafanyaje?”

“Nikazitupa bwawani. Nikanyamaza.”

Hakunipigia kelele. Aliurudisha mfuniko wa kopo, akaukaza. “Ungeniambia, shemeji,” akasema. Baadaye kidogo akanishika goti, akalibana, na akasema anajua kwa nini sikumwambia. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyeshusha gunia la viazi. Helmi alishangaa nilivyokula chakula cha usiku ule.

Alhamisi iliyofuata alisafisha maganda akipiga mluzi, akafungua kopo, akasugua mbegu kwa dole gumba. Nani kaumia?

Yaani ilikuwa hivyo baridi nzima na masika yote. Saa nne asubuhi, kama saa ya mgodi. Kila Alhamisi alijifunza upya kwamba amemlemaza mdogo wake, akalia upya, kisha akafika kwenye lile swali la pili, hakulikosa hata siku moja. Sijui nani kampa kichwa cha namna hiyo, kisichojua mkewe kafa lakini kinachojua njia ya kosa la risasi hadi mwanzo wake. Na mimi nilijibu kila mara. Mara nyingi alinibana goti. Siku moja alinifukuza, akasema nisikanyage kwake tena, na wiki iliyofuata nilikanyaga akanikaribisha kahawa. Mara moja aliniuliza kama Tauno anajua kuwa nilijua. Nikasema hapana. Akasema basi nenda ukamwambie, leo hii, kabla hujavua koti. Nikamwahidi. Nilipita mbele ya nyumba ya Tauno, nikamwona uani akijaribu kupasua kuni kwa mkono mmoja, nikampungia, nikaendelea na safari.

Nilijaribu kukwepa pia, nisijifanye malaika. Nilimwambia siku moja hakuna aliyeumia, ni baruti tu imeadimika madukani. Alinitazama juu ya miwani. Akasema mimi ni mwongo mbovu tangu enzi za mgodi, na akaniuliza ni mkono upi.

Ukaja msimu wa kiangazi. Alianza kuniita kwa jina la baba yake. Aliacha kupiga mluzi. Siku nyingine alibana ganda moja mara tatu. Lakini kopo likifunguliwa swali lilikuja, na nitasema ukweli, nililisubiri. Nililichukia na nililisubiri. Ilikuwa ndiyo saa pekee katika wiki ambayo kulikuwa na mtu mmoja duniani anayejua mimi nilifanya nini.

Alhamisi iliyopita nilifika mapema. Jua lilikuwa limeingia hadi kwenye mizani. Alipanga maganda yake kumi na mawili, kwa shida, mawili yakaanguka nikamwokotea. Akafungua kopo. Akamimina mbegu kwenye kisahani, zikamwagika kidogo mezani, akazisukuma kando kwa kiganja. Hakutazama sindano. Akachukua faneli, akajaza ganda la kwanza hadi juu, mpaka mbegu zikafurika, akaenda la pili.

Nilikaa mbele yake. Nilimtazama vidole. Nilingoja azisugue, anuse, anitazame. Akajaza la tatu na la nne. Sikuweza kuvumilia.

“Shemeji,” nikamwambia, “leo huulizi?”

Aliinua uso, mtulivu, na alikuwa na mbegu moja imeganda kwenye mdomo.

“Niulize nini?” akasema, akasogeza ganda la tano.